Udi kutwa nzima na pilau haina ladha: jibu kwa dada wa gesti ya Mkomani

Swali lenyewe nimelifupisha, linasema hivi: "Kaka salaam. Nina gesti ndogo hapa Lamu, Mkomani, nyumba ya zamani ya mawe, chini kiwanda, yaani ule ua wa ndani, juu paani tumeweka meza za chakula. Nataka mgeni akiingia tu ajue yuko Lamu, kwa iyo nafukiza udi pale kiwandani tangu asubuhi mpaka usiku, na kila chumba nimeweka difyuza, kile kifaa cha kutoa harufu, ya lavenda. Wageni wengine wanasifu, wengine wanasema harufu imezidi, mmoja aliomba kuhamishwa chumba. Kinachoniuma zaidi ni chakula. Mpishi wangu ni mama anayepikia maharusi, pilau yake watu wanaisifu mji mzima, lakini pale juu wageni wanasema iko sawa tu, ladha kidogo. Sasa kuna mtu anataka kuniuzia mashine ya kupuliza harufu nyumba nzima. Ninunue? Na haya mambo ya dizaini ya harufu na ladha mtu anaanzia wapi?"

Waalaikum salaam dada yangu. Mashine usinunue, hilo nalitanguliza kabla hujatoa pesa. Na mpishi wako usimguse, wala usimwambie aongeze bizari. Wewe umeniandikia kama una shida mbili, huku harufu imezidi na huku chakula hakina ladha, mimi naona shida ni moja tu: udi wako ndo unaoimaliza pilau yako.

Hebu itazame hiyo nyumba ilivyojengwa. Kiwanda kiko wazi mpaka juu, ngazi iko pembeni, na hewa yenye joto siku zote hupanda, sasa wewe chetezo umekiweka chini kabisa, makaa yanawaka kutwa, moshi utaenda wapi kama si juu? Unapita vyumbani unachukua na lavenda njiani unatokea palepale paani ulipoweka meza. Mgeni amekaa anangoja pilau na pua yake imeshajaa. Wazee waliojenga nyumba hizi jiko walilipeleka juu ili moshi na harufu ya chakula vichukuliwe na upepo visishuke kwa watu, wewe umekigeuza hicho kitu, harufu ya mapambo umeiweka chini ya chakula inapanda kukifuata.

Sasa kwa nini udi uliye hewani uharibu pilau iliye mdomoni? Hapa ndo penye elimu yenyewe dada, ukipashika hapa hayo mengine yote yatakuwa mepesi. Ulimi unajua mambo machache sana: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ladha ya tano ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 kutokana na supu ya mwani, akaiita umami, nawe unaijua vizuri tu, ni ule utamu usio wa sukari unaoupata kwenye mchuzi wa nyama uliochemka sana au supu ya kichwa cha samaki. Ulimi umeishia hapo. (Na ile picha ya shuleni ati utamu ncha ya ulimi uchungu nyuma, hiyo isahau, ladha zote zinahisiwa kila palipo na vionjio.) Iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva rangi, hivyo vyote vinajulikana kwa pua. Lakini si kwa mbele unakonusia ua, ni kwa nyuma, ukitafuna na kumeza ile harufu inapanda kutoka kooni inaingia puani kwa mlango wa nyuma, alafu ubongo unaihesabu kuwa iko mdomoni na wewe unaapa umeionja kwa ulimi.

Lijaribu hili leo hii pale jikoni. Chukua kijiko cha sukari changanya na mdalasini wa unga kidogo, ziba pua barabara kwa vidole, tia mdomoni, funga mdomo. Utapata utamu na ile chengachenga ya sukari, basi, hutamjua mdalasini ni nani. Subiri kidogo, uzungushe kwa ulimi, kisha achia pua huku mdomo bado umefungwa: mdalasini unakuja wote kwa mara moja, unajaa kichwani. Wafanyishe wafanyakazi wako wote, mpishi na wa mapokezi na wa kutandika vitanda, manake yule anayewasha difyuza lazima ajue kwamba anaingia kwenye chakula cha mtu. Waonjaji wa chai kule Mombasa, ukiwasikia wanavyoivuta chai kwenye kijiko kwa kelele, sababu ni hii hii, wanairusha ile chai ndani ya mdomo ili harufu yake ifike nyuma ya pua.

Alafu kuna jambo la pili juu yake. Ndani ya pua mna aina kama 400 za vipokezi vya harufu, jeni zake waligundua Linda Buck na Richard Axel wakachapisha mwaka 1991, Nobel wakapewa 2004. Harufu moja haigongi kipokezi kimoja, inagusa kadhaa kwa pamoja, hiki kwa nguvu hiki kidogo, na ubongo unasoma ule mpangilio mzima. Kwa iyo harufu mbili zikikutana hazikai kila moja kivyake, zinaingiliana, na yenye nguvu inaifunika nyenziwe. Hili limepimwa sana: ukimchanganyia mtu harufu zikapita tatu nne hawezi tena kuzitaja moja moja, hata aliyesomea utengenezaji wa marashi hawezi. Sasa pilau ya mama yule ina harufu tano sita tayari, amezipanga kwa mkono wake ndo watu wakamjua mji mzima, wewe unamwongezea udi na lavenda juu yake. Mgeni anachokula paani kwako si pilau aliyoipika yule mama.

Utaniuliza mbona mimi mwenyewe siusikii huo wingi. Hutausikia, na si kosa lako, pua zote ziko hivyo, pua inapokea mabadiliko tu, kilichotulia inakiacha. Harufu moja ikikaa dakika chache vipokezi vinapunguza kazi na ubongo nao unaacha kuijali, ndo maana mtu hajui nyumba yake inanuka nini. Unafukiza asubuhi, ikifika adhuhuri husikii kitu, unaona udi umeisha, unaongeza kipande kingine, na anayeingia kutoka mtaani anapigwa na vyote viwili. Ukitaka kujua ukweli toka, nenda mpaka forodhani ukae kwenye upepo wa bahari, zungumza na watu mpaka ujisahau, urudi, na zile pumzi za kwanza ukivuka mlango ndo nyumba yako ilivyo kwa mgeni. Bora zaidi mpeleke mtu asiyeishi humo, mtoto wa jirani aliyebalehe hivi ambaye hana haya ya kusema.

Na harufu ikizidi haibaki ileile yenye nguvu zaidi, saa ingine inageuka kabisa. Ndani ya asumini mna kitu kinaitwa indoli, kikiwa kidogo ndo kinachoipa asumini ule uzito wake wa usiku, kikiwa kingi peke yake kinanuka choo, na kweli kwenye kinyesi kimo. Mtu anayekwambia ongeza ili mgeni aisikie vizuri hajui kwamba anabadilisha harufu yenyewe, na hiyo mashine unayouziwa kazi yake ni hiyo tu, kuongeza na kusambaza sawasawa kila pembe, jambo ambalo pua haina haja nalo.

Sasa tupange. Nyumba ya kale ya Lamu ina mpangilio wake wa kuingia tangu zamani, nawe unao tayari bila kulipa mtu: mtaani, daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda, misana (kumbi ndefu zinazoelekea kiwandani), ndani (chumba cha faragha), alafu paani. Mgeni anapokuja kwako ametoka uwanja wa ndege wa Manda kwa boti, amepita kwenye punda, mitaro, samaki, mtu anakaanga viazi karai, jua linamwakia. Pua yake imefanya kazi kubwa. Ukimfungulia mlango ukampa udi mzito papo hapo hajapumua, umemwongezea mzigo. Pale tekani mimi ningeacha patupu kabisa, chokaa na kivuli na ule ubaridi wa ukuta wa mawe, kwa sababu kutoka kwenye jua kali ukaingia kwenye giza lenye ubaridi hilo lenyewe ni badiliko ambalo mwili mzima unalipokea, na pua inapata kupumzika. Apewe kitambaa cha maji na glasi ya ukwaju au dafu. Nusu saa yake ya kwanza isiwe na harufu uliyoitengeneza wewe.

Udi weka jioni, mara moja, baada ya alasiri wageni wako nje, na usifukize hewa, fukiza vitambaa. Chukua mito ya misana, mapazia, vile vitandiko, vifukizwe kama mnavyofukiza nguo za kutokea, alafu chetezo kitoke nje kabisa. Harufu ya udi ni molekyuli nzito nzito, zikishaingia kwenye kitambaa zinatoka polepole, kwa iyo mgeni akirudi hakuti moshi, anakaa, anaegemea, na ule udi unamjia akisogea tu. Hapo umeitumia ile tabia ya pua ya kupenda mabadiliko: harufu inakuja na kuondoka na yeye ndo anayeitikisa. Na kwenye kufukiza kwenyewe, tafadhali kaa likiwa jekundu sana lifunike na jivu kwanza ndo uweke udi juu. Udi mzuri unapata harufu yake kwenye utomvu, ule mti wenyewe ukiwa mzima haunukii, ni mpaka ushambuliwe na kuvu ndo unajaza utomvu, na utomvu ukipata moto wa taratibu unatoa harufu, ukipata moto mkali unaungua unatoa moshi. Kama ni udi wa kupika wenye sukari ndo zaidi, sukari inaungua mwanzo na mgeni anasikia kitu kilichoungua. Moshi wenyewe nao una chembechembe ndogo sana zinazoingia mapafuni, mwenye pumu unaweza kumwamsha usiku hawezi kupumua, kwa iyo wakati mtu anabuki chumba muulize, sentensi moja tu, una shida na moshi au manukato? Hilo ni jambo la lazima, si la mapambo.

Vyumbani toa difyuza zote. Lavenda haina ubaya, ila kwanza inawaka wakati mtu amelala hajachagua, na pili haina uhusiano wowote na mahali alipokuja, Mwingereza atakumbuka sabuni na droo za nguo za nyumbani kwao. Wewe uko Lamu, una asumini, una mkadi, una mrehani, una mawaridi, una watu wanaofunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, wamekaa mlango wa tatu kutoka kwako. Kikuba kimoja kiweke kwenye sahani ndogo pembeni, si juu ya mto, pamoja na karatasi inayosema hiki ni nini na kwamba akitaka akiweke kitandani na asipotaka akiache nje ya mlango kitachukuliwa. Na kiletwe magharibi, asumini inafunguka jioni na harufu yake inapanda usiku, ukikileta asubuhi mpaka mgeni arudi kimeshanyauka na umelipa bure.

Kwa nini nasisitiza mgeni achague, kuna sababu ya kitaalamu. Watu wengi wa biashara ya wageni wanafikiri kuna harufu za Wazungu na harufu za Waswahili, ukizijua umemaliza. Na ni kweli mazoea yana nguvu, kuna ile harufu ya dawa ya kuchua, mafuta ya wintergreen, Waingereza waliopimwa miaka ya 1960 waliichukia, Wamarekani waliopimwa baadaye waliipenda, kwa sababu huku waliijua kama dawa na kule waliijua kama peremende. Lakini mwaka 2022 watafiti Artin Arshamian na Asifa Majid na wenzao walichapisha kazi iliyonibadilisha mawazo sana, waliwapa harufu zilezile watu wa jamii tisa zinazoishi tofauti kabisa, wawindaji, wakulima, watu wa mijini, waambiwe wazipange kutoka inayopendeza mpaka inayochukiza. Vanila ilipendwa karibu kila mahali. Utamaduni ulieleza asilimia 6 tu ya tofauti, molekyuli yenyewe ilieleza 41, na asilimia 54 ilikuwa mtu na mtu, yaani ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuachana kuliko jamii na jamii. Hata majani ya dania, wako watu yanawanukia sabuni tupu, na kuna jeni ya kipokezi kimoja inayohusishwa na hilo. Kwa iyo huwezi kutengeneza chumba kimoja cha harufu kitakachowafaa wote, unaweza kutengeneza chumba kisicho na harufu na ukampa mtu kitu kizuri mkononi.

Kuna harufu ambayo hukuitaja na nina hakika wageni wanaisema, ile ya maji yakipwa, tope la mikoko. Tope lile halina hewa ndani, vijidudu vyake vinatoa gesi ya salfa, na wenyeji hatuishughulikii lakini mgeni anadhani choo chako kimeziba. Huwezi kuiondoa, na usithubutu kuifunika kwa marashi, utapata mchanganyiko mbaya kuliko vyote. Iambie tu. Mwaka 2001 Rachel Herz na Julia von Clef walichapisha jaribio, waliwanusisha watu mchanganyiko mmoja wa asidi mbili, mara wakaambiwa hii ni jibini ya Parmesan, mara wakaambiwa ni matapishi, na watu walewale wakaipenda kwa jina moja wakaichukia kwa jina lingine, wengine hawakuamini kuwa ni kitu kimoja. Jina linafika kwenye ubongo na kuipanga harufu. Basi siku ya kwanza, unapomwonyesha mgeni paa, mwambie, jioni maji yakipwa utasikia harufu ya mikoko kutoka ng'ambo, ndo harufu ya bahari yetu, na ni hiyo mikoko inayozaa kaa na kamba unaokula hapa. Lakini uwe mkweli, kama ni choo kimeziba kweli zibua choo.

Sasa paani. Hapo pasiwe na udi, pasiwe na mshumaa wa manukato, sabuni ya mikono iwe isiyonukia sana manake mgeni wetu anakula kwa mkono na mkono unapita chini ya pua kila tonge, na mhudumu asijipake marashi kabla ya kuhudumia, atajipaka baada ya kazi. Alafu kuna upepo. Kusi ikivuma inachukua mvuke wa chakula kabla haujamfikia mtu, na pilau iliyobebwa wazi kutoka jikoni imeshapoteza harufu yake ngazini na imeshapoa. Harufu inapanda na joto, chakula kikipoa kinatoa harufu kidogo, hilo halina mjadala. Dawa yake unayo: kawa. Rudisha makawa ya ukindu, sinia ije imefunikwa mpaka mezani, iwekwe, na mhudumu aifunue mbele ya mgeni, kwa upande ambao mvuke unamwendea yeye. Ile pumzi ya kwanza ya pilau ikimfikia kwa pua ya mbele hewa ikiwa safi, mate yanamjaa, na tonge la kwanza anapolimeza pua ya nyuma inathibitisha kile alichoahidiwa. Mimi nikiulizwa dizaini nzuri kuliko zote iliyoko pwani hii ya kula kwa pua nitasema kawa, na watu wameiacha wananunua vifuniko vya plastiki au hawafuniki kabisa.

Spika iondoe karibu na meza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2015 kwamba watu wakisikilizishwa kelele kama za ndani ya ndege, utamu wa sukari waliusikia umepungua na ile umami ikazidi. Kwako kuna mashua za injini na hilo hulizuii, lakini muziki na jenereta ni vyako. Kelele ya chakula chenyewe ni nyingine, hiyo iache isikike: Zampini na Spence kule Oxford mwaka 2004 waliwalisha watu viazi vya Pringles huku wanasikia sauti ya kutafuna kwao kwenye hedfoni, wakiipandisha ile sauti kali watu wanasema kiazi ni kipya na kikavu zaidi, na kiazi ni kilekile. Kachri na bajia zako zikipelekwa zimefunikwa zikatoka jasho zinapoteza sauti, kwa iyo kawa ni ya pilau na wali, si ya vya kukaanga.

Rangi za sahani zina athari, ndio, kuna jaribio la mwaka 2012 ambapo kitamtam cha stroberi kwenye sahani nyeupe kilionekana kitamu zaidi kwa kama asilimia 10 kuliko kwenye nyeusi, lakini hayo usiyashughulikie sasa, yana mabadiliko mengi chakula na chakula. Pilipili na achari ziweke pembeni kila mtu ajitilie: kipokezi kinachohisi pilipili ndo kilekile kinachohisi moto wa kuanzia kama nyuzi 43, David Julius alipata Nobel 2021 kwa kazi hiyo, kwa iyo chakula cha moto chenye pilipili kinajumlisha moto mara mbili na mgeni asiyezoea hasikii kitu kingine tena. Iliki kwa upande wake ina kemikali inayoitwa sineoli, inagusa neva ya ubaridi, ndo maana chai ya iliki ya moto ina kaubaridi nyuma yake.

Na ukitaka kuanza kucheza na ladha kidogo, anza na mahamri na chai. Harufu tuliyozoea kuipata pamoja na sukari inaongeza utamu tunaousikia hata sukari ikiwa ileile, watafiti wa Australia walilionyesha hilo miaka ya 1990 kwa harufu ya karameli, na walionyesha pia kwamba ni mazoea ndo yanayolijenga. Sisi iliki tumeila na sukari tangu utotoni. Kwa iyo saga iliki siku hiyohiyo, ongeza kidogo, punguza sukari, watu hawatagundua. Mswidi naye hatagundua, wao mikate yao mitamu wanaitia iliki. Chembe ya chumvi inapunguza uchungu, lilichapishwa na watafiti Breslin na Beauchamp 1997, lakini mimi kahawa ya dele siitii chumvi, uchungu ule una kazi yake mbele ya halua.

Usikubali kwa kukisia lakini. Pima hivi: vikombe vitatu vya chai vinavyofanana, viwili vya mapishi ya zamani na kimoja kipya, au kinyume chake, vyote joto moja, uvibadilishe nafasi, mwambie mtu akuonyeshe kipi kiko peke yake. Asiyejua kitu akibahatisha atapata mara moja katika tatu. Ukiwapitisha watu 30, kubahatisha kutupu kutakupa kama 10 waliopata, wakifika 15 kwenda juu ujue tofauti inasikika na sukari umepunguza kupita kiasi. Haigharimu kitu, ni chai tu, na majirani watafurahi.

Kwa hivi sasa fanya hili: wiki moja nyumba isiwe na udi wala lavenda kabisa, mapazia na mito ifuliwe au ianikwe juani kwa sababu imeshanyonya, na pilau ipande na kawa. Wageni usiwaeleze umebadilisha nini, waulize tu chakula kilikuwaje na uandike maneno yao kama walivyoyasema. Wiki ya pili rudisha udi wa jioni kwenye vitambaa peke yake. Alafu niandikie tena, uniambie paa lako linaelekea upande gani na jiko liko kona ipi, nikuelekeze meza zikae wapi wakati wa kusi na zihamie wapi ikija kaskazi.